Soka la Marekani sio dogo, limetawanyika tu

Jumapili tarehe 30 Novemba 2025 jumuiya yetu hapa Columbus, Ohio tulikuwa na chakula cha pamoja cha baada ya Thanksgiving na mimi nikaombwa niseme neno. Waliokosa kuja kwa sababu ya shifti wameomba maandishi, basi hotuba ndio hii, nimeiacha kama nilivyoiongea, picha za projekta tu ndio sijaziweka.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka zangu, dada zangu, habari za jioni. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bukavu, jambo yenu. Na nyie vijana mliobanana kule nyuma jirani na sufuria la pilau nawaona, msimalize.

Swali nililopewa na mwenyekiti ni hili: kwa nini Wamarekani hawapendi mpira? Mpira ninaosema ni ule wa miguu, wetu. Mwenyekiti anasema miaka yote aliyokaa hapa kazini kwake akitaja Arsenal watu wanamwangalia tu. Sasa mimi nitalijibu, ila kwanza niwaulize na mimi. Jana saa sita mchana mlikuwa wapi? Semeni ukweli, tuko wenyewe hapa.

Ehee. Mlikuwa mbele ya tivi, kwa sababu Buckeyes, timu ya chuo cha Ohio State ya futboli, ule mchezo wa Kimarekani wa kubeba mpira, walikuwa Ann Arbor wanacheza na chuo cha Michigan, na tumewapiga 27 kwa 9. Mmeona wenyewe wiki nzima pale chuoni kila herufi M kwenye mabango imepigwa msalaba kwa utepe mwekundu, hata bango la maegesho ya magari halikupona. Buckeyes walikuwa wamefungwa miaka minne mfululizo, 2021 mpaka 2024, mwaka jana wakafungwa hapa hapa nyumbani 13 kwa 10, halafu Januari wakabeba ubingwa wa vyuo wa nchi nzima na bado mtaani kulikuwa na watu wamenuna, kombe wanalo lakini Michigan kawafunga. Watu wa Dar hamhitaji kuelezwa hilo, Simba akibeba ubingwa huku Yanga kamfunga nje ndani mnajua sherehe inavyokuwa nusu.

Sasa na mimi niulize la pili. Jana hiyo hiyo jioni Messi na Inter Miami walikuwa wanacheza fainali ya upande wa mashariki ya ligi ya hapa, wakawafunga New York City 5 kwa 1, wakaingia fainali. Mikono juu walioiangalia. Wanne. Watano, haya mama nimekuona. Ukumbi mzima huu, watu tuliozaliwa na mpira, tuliocheza chandimu pekupeku, watano! Sasa tunamlaumu nani?

Jamani, tusidanganyane, mfalme wa nchi hii anajulikana. Gallup, wale wa kura za maoni, mwezi Desemba 2023 waliwauliza Wamarekani mchezo gani unaupenda zaidi kuutazama, asilimia 41 wakasema futboli yao, besiboli asilimia 10, kikapu asilimia 9, soka asilimia 5. Tano! Na mwaka huo huo wa 2023, ukichukua vipindi 100 vilivyotazamwa na watu wengi kuliko vyote kwenye tivi ya Marekani, 93 vilikuwa mechi za NFL, ligi kuu ya futboli. Sio vipindi vya michezo tu, ni vipindi vyote, pamoja na habari na tuzo na hotuba za rais. Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ya Februari mwaka huu iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 127. Kwa hiyo mtu akikuambia soka linakaribia kuipita NFL mwambie apumzike kwanza, anywe maji.

Lakini imekuwaje mpaka ikawa hivi? Kwani hawa watu hawakuletewa mpira? Waliletewa, na mapema sana. Tarehe 6 Novemba 1869 huko New Brunswick, New Jersey vyuo viwili, Rutgers na Princeton, vilicheza mechi ambayo leo ndio inahesabiwa kuwa mechi ya kwanza ya futboli ya vyuo. Watu 25 kila upande, mpira wa duara, kuubeba na kukimbia nao marufuku. Rutgers wakashinda 6 kwa 4. Sasa niambieni, ukiiona mechi hiyo leo utaiita nini? Ilikuwa ndugu kabisa wa soka! Kilichotokea ni kwamba Harvard walikuwa wagumu, wao walitaka mchezo wa kubeba, 1874 wakacheza na McGill kutoka Canada waliokuja na sheria za raga, wakanogewa, na kwa sababu Harvard ni Harvard wenzao nao wakafuata. Miaka michache mbele Walter Camp wa Yale akaja na ule mtindo wa kusimama na kuanza upya kila mwenye mpira akiangushwa, na mchezo ukahama kabisa.

Na ulihamia vyuoni, hapo ndio pa kushika. Uwanja wa Ohio State unaingiza watu zaidi ya laki moja, uwanja wa wanafunzi huo, Mkapa wetu ni elfu sitini. Mtu anamaliza chuo, anaajiriwa, anazaa, anazeeka, na bado Jumamosi anavaa jezi ya chuo, mtoto wake anazaliwa anavalishwa ile ile. Mapenzi ya namna hiyo huwezi kuyaleta kwa tangazo.

Halafu ikaja tivi ikamaliza kazi. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilihesabu muda ambao mpira unachezwa kweli kwenye mechi ya NFL, wakapata kama dakika 11. Kipindi kinachukua masaa matatu na zaidi! Kwingine kote ni kujipanga, marudio, na matangazo ya malori na bia na bima. Sisi tunacheka, lakini mwenye kituo cha tivi hacheki, kwa sababu Super Bowl ya mwaka huu kuna kampuni zililipa dola milioni 8 kwa sekunde 30. Sasa mletee mtu huyo mchezo wenye dakika 45 bila kusimama, ataweka wapi malori yake? Kombe la Dunia la 1994 lilipochezwa hapa ABC na ESPN walilirusha bila kukata matangazo, wakaweka nembo za wadhamini pembeni ya matokeo, ilionekana kama maajabu.

Na walijaribu kuubadilisha, msione hivi. Ligi yao ya zamani, NASL, ile ya Pelé na New York Cosmos, ilikataa sare. Wao sare ni kama mtu amekula nauli yao. Basi mechi ikiisha sare mchezaji anawekwa yadi 35 na mpira, anapewa sekunde tano akamkabili kipa, afunge. Hata MLS, ligi ya soka ya sasa, ilipoanza 1996 ilirithi kitu hicho mpaka 1999, na saa ya uwanjani ilikuwa inahesabu kurudi nyuma kuelekea sifuri kama ya kikapu. Watu wa mpira walikuwa wanafumba macho kwa aibu.

Haya. Mpaka hapo mnaona kama mwenyekiti ana haki, hawapendi mpira. Sasa nigeuze. Na hapa ndio penye neno langu la leo, mengine yote niliyosema ni kufungua mlango.

Soka la Marekani sio dogo, limetawanyika. NFL ni meza moja, nchi nzima inakaa kula pale. Soka lina meza kumi, kila meza na lugha yake na saa yake na kituo chake cha tivi, na wa meza hii hamjui wa meza ile. Ukihesabu meza moja tu unasema ah, hawa watu hawana njaa.

Niwape kisa. Februari 1998, Los Angeles Coliseum, fainali ya Gold Cup, kombe la mataifa ya upande huu wa Amerika, Marekani na Mexico. Watu 91,255 uwanjani. Elfu tisini na moja, kwenye nchi isiyopenda mpira! Ila karibu wote walikuwa wa Mexico. Timu ya Marekani ikazomewa kwao, ikarushiwa vitu kwao, ikafungwa 1 kwa 0 kwao. Sasa wakubwa wa shirikisho la soka wakakaa chini, mechi muhimu na Mexico tukacheze wapi ambapo mashabiki watakuwa wetu? Wakatafuta mji wenye baridi kali na Wamexico wachache. Mnajua wakaja wapi?

Columbus! Hapa hapa. Tarehe 28 Februari 2001, baridi ile mnayoijua wenyewe, Marekani ikashinda 2 kwa 0. Wakarudi 2005, 2 kwa 0. 2009, 2 kwa 0. 2013, tena 2 kwa 0. Mpaka mashabiki wa Marekani wakageuza matokeo hayo kuwa wimbo, wakayaimba kwa Kihispania ili yaume vizuri. Mexico alikuja kuvunja mwiko huo 2016, akashinda 2 kwa 1. Ila fikirini kidogo, nchi inakimbia mashabiki wa mpira kwenye ardhi yake yenyewe, halafu tunasema nchi haina mashabiki wa mpira?

Meza ya kwanza, ligi ya soka inayoangaliwa sana kwenye tivi za Marekani kwa miaka mingi ni ile ya Mexico, inarushwa kwa Kihispania, jirani yako Mmarekani hajui hata ipo. Meza ya pili ni Ligi Kuu ya Uingereza, NBC wanayo tangu 2013, mechi ya kwanza Jumamosi saa moja na nusu asubuhi kwa saa zetu hizi, kuna baa downtown zinafungua alfajiri watu wanakunywa chai na bia kwa pamoja. Meza ya tatu ni MLS yenyewe. Mechi zake kwa wastani mwaka jana zilipata watu kama elfu 23, hakuna ukumbi hata mmoja wa NBA, ligi ya kikapu, unaoingiza idadi hiyo. Sasa NBA wanacheza mechi nyingi sana na hela yao iko kwenye tivi, hilo nakubali, na hapo ndipo MLS inapochekesha, maana mkataba wao na Apple ulioanza 2023 ulitangazwa kuwa dola bilioni 2.5 kwa miaka kumi wakati ile mikataba ya NFL inafika kama bilioni 110 kwa miaka 11. Na wakaificha ligi nyuma ya malipo ya ziada, eti hata kama unalipia Apple ulipie tena MLS, ndio mwezi huu wametangaza kwamba kuanzia mwakani malipo ya pili yanaondolewa. Pia wametangaza kwamba kuanzia 2027 msimu utaanza katikati ya mwaka na kuisha Mei mwaka unaofuata. Mi naona wamegundua kwamba fainali zako ukizipanga Novemba, mwezi wa Buckeyes na NFL, utacheza mbele ya mama yako mzazi.

Meza ya nne, akina mama, na hii tusiipite haraka. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria, Title IX, kwamba shule na chuo kinachopokea hela ya serikali kisibague wasichana, na michezo ikaingia humo. Vyuo vikatafuta mchezo wa kuwapa wasichana wengi kwa gharama ndogo, soka likafaa. Matokeo mnayajua, wamebeba Kombe la Dunia mara nne, 1991, 1999, 2015 na 2019. Fainali ya 1999 pale Rose Bowl ilikuwa na watu 90,185, ya 2015 ikaangaliwa na watu zaidi ya milioni 25 kwa Kiingereza peke yake. Wanaume wao hawajawahi hata kunusa fainali. Niambieni nchi gani nyingine mtoto wa kike anakua anaona mpira ni mchezo wa dada zake?

Sasa kisa ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, na ni cha mji wetu. Vijana wa nyuma sogeeni.

Mnaijua Crew, timu yetu ya MLS. Uwanja wao wa zamani, ule wa 1999, ndio ulikuwa wa kwanza kujengwa kwa ajili ya timu ya MLS, kabla ya hapo timu zilikuwa zinapanga kwenye viwanja vya futboli, vingine vya watu elfu sabini, watu elfu kumi na tano mle ndani wanaonekana kama msiba. Aliyejenga ni Lamar Hunt. Huyu mzee alikuwa mwenye Kansas City Chiefs ya NFL, ndiye aliyeipa Super Bowl jina lake! Na mwaka 2002, MLS ilipokuwa inakata roho imeshafunga timu mbili za Florida, waliokuwa wanashikilia karibu ligi nzima ni watu watatu tu, Philip Anschutz, Hunt, na Robert Kraft wa New England Patriots. Wawili kati ya watatu ni wa NFL. Kwa hiyo anayesema futboli ndio adui wa soka, mwulize dripu ile ilitundikwa na nani.

Twende. Oktoba 2017 mwenye Crew wa wakati ule akatangaza kwamba anaweza kuihamishia timu Austin, Texas. Marekani timu ni mali ya mtu, akitaka anaifunga kwenye lori anaondoka, hakuna wanachama, hakuna mkutano mkuu wala kura. Watu wa Columbus wakagoma, wakaanza ile harakati ya Save the Crew, mabango mpaka kwenye vibaraza vya nyumba. Ila kelele bila sheria ni kelele. Basi ikakumbukwa kwamba Ohio ina sheria yake ya zamani. Mwaka 1995 Art Modell, mwenye Cleveland Browns ya NFL, alitangaza kuihamisha timu hiyo kwenda Baltimore, Cleveland nzima ikalia, ikavunja viti vya uwanja, na 1996 jimbo likatunga sheria kwamba timu iliyofaidika na hela ya umma haiondoki hivi hivi, lazima itoe notisi ya miezi sita na wenyeji wapewe nafasi ya kuinunua. Machi 2018 jimbo na mji wakaenda mahakamani na sheria hiyo hiyo. Machozi ya futboli ya Cleveland ndio yaliyosaidia kuokoa soka la Columbus! Na mwishowe nani wakaja kununua? Familia ya Haslam, wenye Browns, pamoja na familia ya Edwards ya hapa mjini. Timu ikabaki, 2020 ikabeba ubingwa, 2023 ikabeba tena.

Na Aprili mwaka huu Messi alipokuja kucheza na Crew, mechi ilipelekwa wapi? Cleveland, uwanja wa Browns. Wenye tiketi za msimu wa hapa wakalalamika, na walikuwa na haki, lakini uwanjani walikuwa watu 60,614. Watu hao walikuwa wapi siku zote? Walikuwepo. Kila mmoja alikuwa kwenye meza yake.

Dakika tano? Sawa mwenyekiti.

Watoto. Tangu miaka ya sabini wataalamu wa hapa wanasema watoto wanacheza soka kwa mamilioni, ngoja wakue muone. Wamekua, wengine sasa ni babu, na Jumapili wanaangalia NFL. Kwa nini? Mimi naona kwa sababu walicheza lakini nyumbani hakukuwa na wa kuangalia naye. Ushabiki unaokotwa kwenye kochi, baba anapiga kelele na wewe unapiga kelele hujui hata nani kafanya nini. Halafu soka la watoto hapa limegeuzwa biashara, klabu nzuri unalipa dola elfu kadhaa kwa mwaka, bado safari, bado hoteli, wazazi wengine humu mmeshapewa hizo risiti na mmezikunja mfukoni kimya kimya. Mchezo wa maskini wa dunia nzima, huku wameuita wa watoto wenye gari kubwa!

Lakini kuna mji unaitwa Lewiston, uko Maine. Mji wa viwanda vilivyokufa, mji wa hoki ya barafu. Muhammad Ali alimpiga Sonny Liston pale 1965, ndani ya ukumbi wa hoki. Kuanzia 2001 Wasomali wakaanza kuhamia, wengi wamepitia kambi za Dadaab, Kenya, na 2002 meya wa wakati ule akaandika barua kuwaomba wapunguze kuja. Watoto wao wakaingia sekondari ya pale, wakaungana na wa kutoka Kenya na Kongo na watoto wenyeji, na kocha wao mzungu, Mike McGraw, akawa na akili ya kuwaacha wacheze mpira wanaoujua. Kabla ya mechi wanajikusanya wanapiga kelele kwa Kiswahili, pamoja ndugu! Novemba 2015 wakabeba ubingwa wa jimbo, wa kwanza kwa timu ya soka ya wavulana ya shule hiyo, bila kufungwa msimu mzima, fainali wakawafunga Scarborough 1 kwa 0. Mji mzima ulikuwa jukwaani, wazee wa hoki na mama wa hijabu benchi moja.

Ndio maana mi huwa siwaambii watoto wangu wachague. Jumamosi Buckeyes, Jumapili asubuhi Ligi Kuu, mchana Browns wakifungwa kama kawaida yao, usiku Crew. Tumbo la mpira halina mpaka.

La mwisho, mwakani. Kombe la Dunia, Marekani, Canada na Mexico, timu 48, mechi 104, linaanza 11 Juni, fainali 19 Julai kule New Jersey. Viwanja 11 vya upande wa Marekani vyote ni vya NFL, vyote, hakuna hata kimoja cha timu ya soka peke yake. Columbus haimo. Rekodi ya watazamaji wa Kombe la Dunia mpaka leo ni ya 1994, ya hapa hapa, watu zaidi ya milioni tatu na nusu kwa mechi 52 tu, kwa hiyo sina shaka itavunjwa, hata kwa bei hizi za tiketi ambazo mimi naona ni wizi mweupe wa mchana.

Na Ijumaa hii wanapanga makundi. Wahaiti wamefuzu, wametoka kufuzu mwezi huu, na mnajua Springfield hapo jirani imejaa Wahaiti. Watu wanasahau kwamba 1950 Marekani ilipowafunga Waingereza 1 kwa 0 kule Belo Horizonte aliyefunga ni kijana wa Haiti, Joe Gaetjens, aliyekuwa anasoma New York. Haiti hawajacheza Kombe la Dunia tangu 1974. Na mwaka huo huo wa 1974, Ujerumani Magharibi, nani mwingine alikuwepo kwa mara yake moja tu mpaka leo? Zaire! Sasa ndugu zetu wa Kongo wamewatoa Nigeria kwa penati kule Rabat, tarehe 16 mwezi huu, nilisikia kelele zenu kutoka mtaa wa tatu. Wamebakiza mchujo wa Machi kule Mexico. Wakipita, nataka ukumbi huu huu, projekta hii hii, na Wahaiti wa Springfield tuwaalike waje na chakula chao. Katibu naomba hilo uliandike sasa hivi.

Haya, maswali. Mzee pale mbele mkono nimeuona, ila kama ni la Manchester United mimi sijibu.